Dada wa Leicester na kadi zake tatu: pale £35 ilipofanya kazi kuliko £92

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, jina sitaji, benki sitaji na kampuni za wakusanya madeni nazo sitaji. Nakiandika kwa sababu nasaidia watu wetu kusoma barua hapa Uingereza na naona familia nyingi zinaumia kimya kimya na kitu hiki hiki, na karibu wote wanaanza mahali pasipo sahihi, wanaanza kuuliza "deni ni kiasi gani" wakati swali la kwanza ni "mkononi kinabaki nini".

Mhusika ni dada wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Tanga, anaishi Leicester na kijana wake wa miaka 15. Ni kea, anahudumia wazee majumbani, mgongo ulishamuumiza kwa hiyo anafanya masaa 24 tu kwa wiki. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, £12.21 kwa saa, hiyo ni kama £1,200 kwa mwezi baada ya kodi, halafu kuna malipo ya serikali, Universal Credit na Child Benefit, zinazosaidia kodi ya nyumba na mtoto. Si mtu wa anasa kabisa, nimeona stetimenti zake zote. Kadi ya kwanza ilianza na tiketi ya kwenda kumzika baba yake, ya pili ilikuja wakati amekosa kazi miezi kadhaa, ya tatu ilikuja kulipia zile mbili. Jumla ilikuwa £9,330 na madeni yenyewe yalikuwa yameshamaliza zaidi ya miaka kumi naye.

Sasa watu wakisikia £9,330 wanadhani ni deni moja kubwa, hapana, yalikuwa matatu na kila moja liko kwenye hali tofauti kisheria, na hapo ndo utamu wa kazi ulipo kwa sababu ukiyatibu yote kwa dawa moja unapoteza hela.

Kadi ya kwanza, tuiite kadi A, ilikuwa £4,180. Alishindwa kulipa mwaka 2017, benki ikaweka difolti, yaani ikamwandika rasmi kwamba ameshindwa kulipa, halafu ikaliuza deni kwa kampuni inayonunua madeni. Hizi kampuni zinanunua deni la zamani kwa sehemu ndogo ya thamani yake halafu zinamdai mtu hela yote. Dada akakubaliana nao £5 kwa mwezi na amekuwa akilipa hiyo £5 miaka na miaka bila kukosa. Piga hesabu mwenyewe, £4,180 kwa £5 kwa mwezi ni karibu miaka 70. Yaani lile deni halikupangwa liishe.

Kadi B ilikuwa £1,950. Hii aliacha kulipa mwanzoni mwa 2016, difolti ikaingia mwaka huo huo, akahama kutoka Luton, na hajawahi kuwaandikia wala kuwalipa hata senti toka hapo. Halafu 2025 ikaja barua ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia, yenye maandishi mekundu, ikisema alipe ndani ya siku kadhaa.

Kadi C ndo ilikuwa hai, £3,200 kwa riba ya asilimia 24.9, ya benki ile ile ambayo mshahara wake unaingia. Alikuwa analipa kiwango cha chini kila mwezi, kama £92, na alikuwa anajisifu (kwa haki kabisa) kwamba hii hajawahi kuikosa.

Nikae hapo kwenye kadi C kwa sababu ndo iliyokuwa inamla. Riba ya asilimia 24.9 kwa mwaka ni kama asilimia 1.87 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye £3,200 riba ya mwezi mmoja ni karibu £60. Kiwango cha chini kwenye kadi za Uingereza kinatakiwa kifunike riba na ada pamoja na angalau asilimia 1 ya deni lenyewe, asilimia 1 ya £3,200 ni £32. Kwa hiyo anatoa £92, £60 inaondoka na riba, £32 tu ndo inapunguza deni. Na bado, kwa kuwa ile £92 imetoka kwenye hela ya chakula, ikifika tarehe 20 hana kitu, anarudi dukani na kadi ile ile ananunua unga, mafuta, kuku na sabuni za kama £80. Mwisho wa mwezi deni limepanda. Amelipa kwa uaminifu na deni limepanda! Mtu wa namna hiyo ukimwambia "jitahidi kulipa" unamuumiza, maana kujitahidi kwenyewe ndo kunakozungusha hilo gurudumu.

Benki yenyewe ilikuwa inajua. Tangu 2018 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, ina sheria kwamba mtu akikaa miezi 18 analipa riba na ada nyingi kuliko anachopunguza kwenye deni, benki inatakiwa imwandikie, na ikifika miezi 36 hali haijabadilika inatakiwa impe njia ya kulimaliza kwa muda unaoeleweka, na kama hawezi basi imwonee huruma kwa kupunguza au kusamehe riba. Zile barua alikuwa nazo, zote, kwenye mfuko wa Rambo chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Simlaumu hata kidogo, bahasha ya benki ikishakutisha mara kumi ya kumi na moja huifungui.

Hofu yake kubwa haikuwa hela, ilikuwa maneno ya mtaani. Aliambiwa atafungwa, aliambiwa atakamatwa uwanja wa ndege akienda nyumbani, aliambiwa uraia hatapata. Tuliondoa moja moja. Deni la kadi Uingereza ni suala la madai, hakuna jela, na hakuna anayekuzuia airport kwa ajili ya kadi. Uraia, deni peke yake kwa kawaida si sababu ya kukataliwa, kinachoangaliwa ni kama mtu alikopa kwa makusudi bila nia ya kulipa au kama amedanganya. Jambo lingine, mkusanya madeni sio dalali wa mahakama. Anaweza kupiga simu, anaweza kuandika, akija mlangoni hana haki ya kuingia wala kugusa hata kijiko. Dalali anakuja baada ya mahakama kutoa hukumu na hukumu yenyewe haijalipwa. Baada ya kuelewa hilo aliniambia "kaka, mi miaka yote nilikuwa nafunga pazia mchana", na kwa kweli hilo neno lilinikaa.

Kabla ya kumgusa mdai yeyote tulifanya mambo mawili. La kwanza alifungua akaunti ya kawaida isiyo na mkopo kwenye benki nyingine kabisa na kuhamishia mshahara na malipo ya serikali huko. Hili watu wengi hawalijui: kama kadi yako na akaunti yako ziko benki moja, benki ina haki ya kuchukua hela kwenye akaunti kulipa kadi iliyochelewa, na ukianza mazungumzo huku mshahara wako uko mikononi mwao unajiweka pabaya. La pili tulitoa ripoti zake za mikopo kwa kampuni tatu zinazotunza rekodi hizo, Experian, Equifax na TransUnion, ripoti ambazo mtu ana haki ya kuzipata bure, tukatafuta kama kuna hukumu ya mahakama iliyotoka kwa anwani ya zamani ya Luton bila yeye kujua. Hakukuwa na hukumu kwenye zote tatu, na kwa kuwa hukumu inafutika kwenye rekodi baada ya miaka sita tuliulizia pia nyuma zaidi, akakumbuka kwamba rafiki aliyebaki kwenye ile nyumba alikuwa akimtunzia barua zake zote, hakukuwa na karatasi ya mahakama hata moja.

Halafu ndo tukaenda kwa mshauri wa madeni wa bure. Narudia, wa BURE. StepChange, National Debtline, Citizens Advice, hawa hawachukui senti. Dada tayari alikuwa amejaza fomu ya tangazo moja la Facebook linaloahidi "kufuta asilimia 80 ya deni kwa sheria ya serikali", wale ni wa kumuingiza mtu kwenye IVA, mkataba wa kulipa kila mwezi mara nyingi kwa miaka mitano, na sehemu nzuri ya hela yako inaenda kwenye ada za anayesimamia. Kuna watu IVA inawafaa, mwenye nyumba yake anayotaka kuilinda kwa mfano, ila kwa kea wa masaa 24 ambaye hana nyumba, nasema wazi, ilikuwa ni kumuuza. FCA yenyewe mwaka 2023 ilipiga marufuku hizo kampuni za katikati kupokea malipo kwa kupeleka watu kwenye mikataba hiyo, matangazo lakini bado yapo.

Mshauri alikaa naye kwenye bajeti karibu muda wote. Kodi ya nyumba, council tax (kodi ya halmashauri), umeme na gesi, chakula, basi, simu, viatu vya shule. Halafu vikaja vitu viwili ambavyo fomu ya Kizungu haina mahali pake: hela ya kutuma nyumbani na upatu.

Kutuma nyumbani alikuwa anatuma £80 kwa mama yake kila mwezi, dawa za presha na chakula. Dada alitaka kuificha, aliona aibu kusema anadaiwa halafu anatuma hela. Nikamwambia usifiche, mama yako si anasa. Ila mshauri naye alikuwa na haki kusema kwamba mdai ataliuliza hilo na inabidi liwe na maelezo. Waliliweka £40, na dada akampigia kaka yake aliyeko Muheza akamwambia ukweli kwa mara ya kwanza, kaka akachukua nusu nyingine. Miaka kumi kaka hakujua kama dada yake wa Ulaya anakula kwa kadi.

Upatu walikuwa watu kumi, £100 kila mwezi, na yeye ni wa mwisho kupokea. Alikuwa ameshatoa £900. Hiyo £900 kisheria ni mali yako, unadai, na ukijaza fomu ya madeni inabidi uitaje. Na kinyume chake pia, kama ungekuwa umeshapokea na bado unatoa, hilo ni deni, linaandikwa kama madeni mengine. Najua watu wetu tunaona upatu ni mambo yetu sisi kwa sisi, serikali haihusiki, lakini ukilipa wenzako wa upatu ukawaruka wadai wengine halafu ukaomba kufutiwa madeni, hilo linaweza kukuharibia ombi.

Baada ya yote hayo kilichobaki kwa mwezi ni £38. Hiyo ndo namba ya ukweli. Alikuwa anajaribu kulipa £97 za madeni na £100 za upatu kutoka kwenye maisha yanayobakiza £38, na tofauti yote ilikuwa inatoka kwenye kadi C.

Kwa mtu wa £38 dawa ya kwanza inayokuja kichwani ni Debt Relief Order, DRO, yaani amri ya kufutiwa madeni. Inafuta madeni ya hadi £50,000 (kiwango kilipandishwa Juni 2024), ada ya £90 ilifutwa Aprili 2024, unatakiwa uwe unabakiwa na si zaidi ya £75 kwa mwezi, mali isizidi £2,000 ukiacha gari la hadi £4,000 na vitu vya kawaida vya nyumbani, unakaa miezi 12 na madeni yanakwisha. Kwenye kila kipengele dada alipita. Mpaka mshauri alipouliza "una mali yoyote nje ya Uingereza?"

Kiwanja. Mapinga, upande wa Bagamoyo, alinunua zamani kwa milioni 9 za Tanzania kabla mambo hayajaharibika, kiko kwa jina lake, na bei za kule zimepanda toka hapo. Hata kwa ile bei ya kununulia tu kinavuka £2,000.

Nilimwona anavyonyamaza. Na najua baadhi yenu mnawaza nini, nani wa Leicester atajua kuhusu kiwanja Mapinga. Mimi msimamo wangu haukuyumba hapo na haujayumba leo: usiseme uongo kwenye ile fomu. DRO iliyopatikana kwa kuficha mali inaweza kufutwa na madeni yote kurudi, na kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai, na kwa mtu anayesubiri uraia hilo ndo linalomharibia, sio deni. Ameingia kwenye hiki chumba akiwa mtu mwaminifu mwenye deni, hakuna sababu atoke akiwa mtu wa udanganyifu kwa sababu ya kadi.

Kwa hiyo DRO ikaondoka mezani. Kufilisika rasmi kulikuwa na ada ya £680 na kiwanja kingechukuliwa vile vile. Ikabidi tulishike kila deni kivyake.

Mshauri alimfungulia kwanza Breathing Space, mpango ulioanza Mei 2021, siku 60 ambazo riba na ada kwenye madeni husika zinasimama na wadai hawaruhusiwi kukusumbua. Siku hizo hakuna aliyelipwa kati ya wenye kadi, na ile hela ikamalizia mchango wake wa mwisho wa upatu. Hesabu ilikaa vizuri sana hapo.

Kadi B ilikuwa rahisi kuliko zote. England na Wales deni la kawaida lina miaka sita, Limitation Act ya 1980, mdai asipoenda mahakamani ndani ya huo muda na wewe hujalipa chochote wala kulikiri kwa maandishi, mahakama haitamsaidia tena (Scotland ni miaka mitano na utaratibu wao ni mwingine). Kwa kadi huo muda hauhesabiwi tu toka malipo ya mwisho, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2019 unaanza baada ya muda wa notisi ya difolti kuisha, ndo maana tarehe ya difolti ni muhimu uitafute. Yake 2016, kwa hiyo miaka sita ilikwisha 2022. Aliandika barua fupi, anasema halikiri deni lolote na kwa vyovyote muda umepita na hatalipa. Kampuni ikishaambiwa hivyo hairuhusiwi kuendelea kumdai. Walijibu kwamba wamefunga faili. Lakini fikiria barua kama ile ingekuja kabla hiyo miaka sita haijaisha, akaingiwa na hofu na zile herufi nyekundu akapiga simu na kulipa £10, saa ingeanza upya.

Na ndo ilivyokuwa kwa kadi A, ile £5 ya kila mwezi iliiamsha saa kila mwezi. Huko hapakuwa na cha kusema kuhusu muda. Ila Consumer Credit Act ya 1974 inampa mdaiwa haki ya kuomba nakala ya mkataba wake kwa £1, na mdai akishindwa kuitoa ndani ya siku 12 za kazi hawezi kupata hukumu mpaka atakapoitoa. Deni halifutiki, tuelewane, linakuwa tu halina meno kwa wakati huo, na wanaweza kuja na nakala iliyoundwa upya. Kampuni ilijibu kwamba bado inaisubiri kutoka benki. Wiki zikapita. Hapo dada akapokea upatu wake, £1,000, na akaandika: nina £800, imetoka kwenye akiba ya watu, kipato changu ni hiki hapa kwenye bajeti, pokeeni tumalize. Wao wakasema £1,600. Akarudia hali yake, hakuongeza maneno. Wakashukia £1,000. Akakubali, lakini hakutuma hata senti mpaka ilipokuja barua inayosema hela hiyo inamaliza deni lote na salio halitauzwa kwa mtu mwingine. Hiyo barua ipo kwenye faili lake na itakaa hapo maisha yake yote.

Kuna ndugu alimwambia amepoteza, deni halina mkataba angeacha tu. Mimi naona alifanya sawa. £4,180 imekwisha kwa £1,000, simu zimekwisha, na zile £3,180 zilizosamehewa angezilipa kwa £5 mpaka kaburini.

Kadi C aliikata. Alipeleka bajeti benki kupitia mshauri, wakasimamisha riba yote, na analipa £35 kwa mwezi kwenye mpango wa bure. Sasa angalia hapa: £92 za zamani zilikuwa zinapunguza deni kwa £32. £35 za sasa zinapunguza kwa £35. Analipa chini ya nusu na deni linashuka zaidi, na halipandi tena tarehe 20 kwa sababu ile £57 aliyobakiza ndo chakula cha wiki ya mwisho. Rekodi yake imechafuka, difolti itakaa miaka sita, hapati mkopo, na hautaki.

Tatizo ni kwamba £3,200 kwa £35 ni zaidi ya miaka saba na nusu, ni mirefu kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Mimi ningeuza kiwanja. Nimemwambia hivyo kwa heshima zote, auze taratibu, bila dalali wa haraka, amalize kadi C kwa mkupuo na kinachobaki akiweke. Yeye anasema kile kiwanja ndo kitu pekee alichonacho cha kumwonyesha mwanae kwamba miaka ya kubeba boksi haikwenda bure, na akishamaliza shule kijana ataanza kuchangia nyumba na ile £35 itapanda. Hatujakubaliana. Uamuzi ni wake, na mwezi huu amelipa, bado £3,025.